Gari Ambalo Shemeji Alikataa Kuniuzia

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, akitaka kukuuzia gari haanzi na injini. Anakupeleka nyuma, anafungua buti, ananyamaza. Wauzaji wengine wote ninaowajua wanakukimbilia na boneti, wanakutajia mambo ya injini ambayo wewe huyaelewi na wao hawayaelewi, mnabaki mnatikisiana vichwa. Yeye la. Anakwambia, "Weka mkoba wako humo." Ukishaweka anakuuliza una watoto wangapi, mama mkwe wako anakaa mbali au karibu, na sokoni unakwenda kila siku au mara moja moja. Eti watu wanalinunua gari kwa mbele lakini wanaishi nalo kwa nyuma. Ndiyo maana pale kwenye yadi ya magari anapofanya kazi wanamwita Bwana Buti, na yeye jina hilo analiitikia bila kinyongo.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Karakana yangu iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na geti la yadi yao, kwa hiyo nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani namwona shemeji kuanzia kola mpaka viatu. Kwangu kuna meza ndefu ya kukatia, cherehani za sindano nene, sponji zilizorundikwa mpaka darini, na magora ya ngozi bandia yaliyosimamishwa ukutani. Wateja wananiita Mama Viti. Wanakaa kwenye benchi langu wakisubiri viti vyao, na mtu anayesubiri kiti chake anaongea. Kama kuna jambo la wenye magari wa mji huu ambalo mimi silijui, basi bado halijasemwa.

Sasa huyu shemeji hakuanza na uuzaji. Miaka mingi alikuwa kaunta ya spea, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, taa inawaka kutwa, harufu ni ya mpira na grisi. Mtu anakuja na filta iliyochakaa mkononi, yeye anaipindua mara moja, anaingia kwenye rafu, anarudi na mpya yake. Kazi hiyo aliifanya vizuri, nayo ikamnyima raha vizuri vilevile. Akawa na sauti ya huko, ndogo, ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosea. Akifika nyumbani anakula, anawauliza watoto kama wamesoma, analala. Dada aliwahi kuniambia, "Nimeolewa na mtu mpole, nashukuru, lakini siku hizi upole umezidi mpaka namgusa nione kama yupo."

Halafu muuzaji wa mbele akahama, bosi akakosa mtu wa haraka, akamwambia shemeji ashike nafasi kwa muda. Yule mtu alibadilika mpaka tukashangaa. Akawa anapiga pasi shati lake mwenyewe, anapiga mluzi bafuni, anamsimulia dada habari za wateja mpaka chakula kinapoa. Hata mimi alianza kunitania, mimi ambaye miaka yote ndiye niliyekuwa namtania na yeye anameza tu. Siku moja alipita karakana akaniambia, "Shemeji, naona umeanza kunawiri, nikutafutie gari lenye milango mipana?" Nilimtupia kipande cha sponji. Moyoni nilifurahi sana.

Ndipo zikaja zile gari za saluni.

Bosi alikuwa amepata nafasi ya kuagiza magari ya kiwanda kimoja ambacho huku kwetu hakikujulikana. Zilikuwa saluni za ukubwa wa kati, si zile ndogo za kubana magoti, wala si zile kubwa za wakubwa. Bosi alisita. Kwanza aliletewa moja ya kujaribu, akampa shemeji aizungushe mjini. Shemeji alirudi ametulia ajabu. Alizima injini, akabaki amekaa ndani, hatoki. Bosi akamfuata, akamuuliza vipi. Shemeji akasema, "Bosi, lete. Hizi nitaziuza mimi." Aliyasema maneno hayo mbele ya watu, na bosi yule si mtu wa kusahau. Zikaja tatu: nyeupe, ya kijivu, na moja ya rangi ya damu ya mzee ambayo hata mimi, nisiye na tabia ya kushangaa magari, nilivuka barabara kwenda kuitazama.

Uzuri zilikuwa nao. Wanunuzi ndio waliokosekana.

Kama hujawahi kukaa na wenye magari, nikueleze walivyo. Mwenye gari hanunui gari analolitaka, ananunua lile ambalo jirani yake ameshanunua. Barabara yetu nzima imejaa gari la aina moja, tofauti ni rangi tu, na hata rangi hazitofautiani sana. Ukimuuliza mtu kwa nini, atakwambia spea zake zinapatikana mpaka kwa muuza sukari, fundi yeyote analifungua hata gizani, na siku akitaka kuliuza litaondoka kabla hajamaliza kulitangaza. Hoja hizo si za uongo, sikatai. Kilichokuwa kinanishangaza ni kwamba walikuwa wanakuja yadi, wanaingia kwenye ile nyeupe, wanapapasa usukani, wanasifu kwa dhati kabisa, halafu swali la kwanza linalowatoka ni, "Na siku nikitaka kuliuza?" Mtu hajalinunua, tayari analiuza. Mwingine alitaka kujua taa ya nyuma ikivunjika ataipata wapi. Nilimwambia palepale kwenye benchi langu atazame vioo anaporudi nyuma, haitavunjika. Alininunia, ila viti vyake alikuja kuvichukua.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye duka la dawa. Huyo alikuja na mkewe, wakakaa ndani ya ile nyeupe muda mrefu, mke kiti cha mbele, mume akihama huku na huku. Mke alisema wazi kwamba analitaka hilo. Shemeji akadhani amefika. Kesho yake bwana akapiga simu kusema ameshauriwa na wenzake, amechukua gari la kila mtu. Haukupita muda akaja kwangu na hilo gari lake jipya, anataka nimwongezee sponji kwenye kiti kwa sababu kinamuumiza mgongo. Nilimwongezea. Mkewe alikaa kwenye benchi wakati wote huo bila kumsemesha.

Waosha magari wa pale kwenye kona wakazibatiza zile saluni jina, wakaziita Yatima, kwa kuwa barabarani hazikuwa na ndugu. Jina likashika. Ikawa mtu akiuliza bei, anauliza bei ya Yatima, na shemeji anaijibu huku uso umemshuka.

Bosi alivumilia, akavumilia, mwishowe akamwita shemeji ofisini akamwambia wazi. Mzigo mwingine unaagizwa karibuni. Kabla haujaagizwa, angalau saluni moja iwe imetoka, na iwe imenunuliwa na mtu aliyeipenda, siyo kwa ujanja. Ikishindikana, zote tatu zinakwenda mnadani na shemeji anarudi kaunta ya spea. Muuzaji mwingine ameshapatikana. Hakumfokea wala hakumtukana, na hilo ndilo lililomuuma shemeji zaidi.

Dada ndiye aliyeniletea habari hiyo. Aliingia karakana akasimama katikati ya magora, mkoba bado uko begani. "Mshahara haupungui sana," akasema. "Tutakula. Lakini akirudi kwenye kile chumba, mdogo wangu, mimi nitakaa na nani?" Nikamkalisha, nikampa maji, nikaendelea kushona kwa sababu sikutaka anione macho.

Shemeji naye akajikaza kisabuni. Alidhani tatizo ni kwamba watu hawaoni thamani ya lile gari, basi akaamua kuwaonyesha. Alikuja kwangu akataka nimshonee kava la kulifunika gari zima la damu ya mzee, lisiloweza kukwaruza rangi, na kava za viti vyote. Nilishona kazi ya kujivunia: kitambaa laini ndani, kigumu nje, mshono maradufu, mpira wa kubana kuzunguka chini. Akalitenga lile gari peke yake mbele kabisa, kwenye kivuli cha ofisi. Kila asubuhi analifunua, analifuta pole pole mpaka kwenye masikio ya vioo, na jua likipanda analifunika tena.

Siku zikapita, hakuna aliyelisogelea. Zile mbili nyingine watu walikuwa angalau wanazichungulia na kuzisema vibaya. Hii hata kusemwa vibaya haikusemwa. Shemeji akawa anakula nusu sahani.

Halafu akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu mrefu, msafi, anayemuuliza mtu mzima maswali kana kwamba anamsahihisha. Gari lake la zamani lilikuwa linamzimikia njiani mbele ya wanafunzi, na heshima yake ilikuwa inapungua kila wiki. Alizunguka yadi yote, akaipita kwa mbali ile iliyofunikwa, akamwambia shemeji, "Mimi ningependa kitu kama lile la mkubwa wenu, ninaloliona likifutwa asubuhi nikipita. Bahati mbaya naona mmeleta moja tu la rangi ile."

"La mkubwa gani?" shemeji akauliza.

"La bosi wenu. Lile lililofunikwa."

Shemeji akageuka kumtazama mlinzi wa getini. Mlinzi akatazama mawingu. Kumbe mlinzi, kwa kuona gari linafutwa kila asubuhi, linafunikwa, limetengwa kivulini karibu na mlango wa ofisi, alijiamulia mwenyewe kuwa ni la bosi. Kila aliyetaka kulikaribia alikuwa anamwambia kwa heshima zote, "Hilo usiguse, ni la mkubwa." Bosi naye alikuwa anaona dirishani jinsi watu wanavyolikwepa, akazidi kuamini kwamba hawalitaki. Yaani muda wote ule gari zuri kuliko yote pale lilikuwa haliuzwi, na kilicholitoa sokoni ni kava langu na mapenzi ya shemeji.

Aliponisimulia nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Alijaribu kununa ikamshinda, tukacheka wote. Kava likatolewa. Lakini mwalimu mkuu alipoambiwa kwamba gari linauzwa, alilizunguka, akaweka mkoba wake ndani ya buti, akaingia, akatoka, akasema, "Zuri. Nani mwingine analo?" Shemeji hakuwa na mtu wa kumtaja. Mwalimu mkuu akaaga, akasema atafikiria. Mwenzangu, mtu akikwambia atafikiria, ujue ameshamaliza kufikiria.

Sasa niseme habari yangu. Nilikuwa na kigari cha kubebea mizigo, kikongwe, ambacho mwaka ule kiliamua kustaafu bila kuniaga. Fundi wangu alikitazama, akafunga boneti kwa upole, akaninawia mikono. Nilihitaji gari, na akiba nilikuwa nayo, nimeiweka kwa ajili ya gari la kila mtu. Sikuwa na mawazo mengine. Ila wakati wa kuvalisha zile kava za viti nilifanya kazi ndani ya ile ya damu ya mzee mchana kutwa, na fundi wa viti anakijua kiti kwa mgongo wake. Nimekaa kwenye viti vya kila aina, na vingi nadhani vilichorwa na watu wasio na viuno. Hiki kilinipokea. Nikalaza kiti cha nyuma, kikalala kabisa, hakikubakiza nundu. Nikavuka barabara, nikachukua gora zima la ngozi bandia, nikalisukumia ndani kupitia nyuma. Likaingia lote na buti likafunga. Nikakaa humo na sindano yangu mkononi, najiambia, we mama, acha upuuzi. Lakini nilikuwa nimeshalipenda.

Sikusema kitu siku hiyo. Niliona kwanza mteja atokee, roho yangu itulie. Lakini mwalimu mkuu alipoondoka na fikra zake nikaona basi. Jumapili nilikwenda kula kwa dada kama kawaida yangu. Nikasubiri sahani zitolewe na watoto watoke nje, nikamwambia shemeji, "Ile ya damu ya mzee naichukua mimi."

Alinitazama, halafu akamtazama dada. "Umemwambia nini huyu?"

"Nimemwambia aliyosema bosi," dada akasema. "Sijamwomba chochote."

"Shemeji, asante," akaniambia, na sauti yenyewe ilikuwa ile ndogo ya kaunta ya spea. "Lakini siuzi kwa huruma."

Huruma. Mimi. Damu ilinipanda. "Hebu nisikilize vizuri," nikamwambia. "Tangu umemuoa dada yangu, umeniona nikikuhurumia lini? Ulipovunjika mguu nilikuja kukutazama nikala matunda yako yote. Leo ndiyo nikuhurumie kwa akiba yangu yote?"

Dada akajiziba mdomo kwa kiganja. Shemeji hakucheka.

"Bosi atasema nimemuuzia ndugu ili nisirudi stoo."

"Aseme."

"Na kuna jingine." Akawa anakizungusha kijiko mezani. "Likija kukuharibikia, spea ikakosekana, nitakutazama vipi? Wewe kila Jumapili uko hapa."

Mimi huwa sina subira ya kujibu, lakini neno lile lilinikaa vibaya. Nikamuuliza pole pole, "Kwa hiyo likimharibikia mwalimu mkuu, sawa?"

Kijiko kikasimama.

"Maana yeye hali hapa Jumapili. Yeye ungemuuzia, na siku ukimkuta amekwama ungepitia barabara nyingine. Ndivyo?"

"Sikusema hivyo, shemeji."

"Umesema. Kama ni baya kwangu, ni baya kwake. Kama ni zuri kwake, niuzie."

"Mdogo wangu, inatosha," dada akasema. Lakini yalikuwa yameshatoka. Shemeji aliinuka akaenda kusimama mlangoni, ametupa mgongo. Nilirudi kwangu nimevimba kwa hasira, halafu njiani hasira ikaniishia nikabaki na huzuni, kwa sababu nilikuwa nimeona mabega yake yalivyoanguka.

Wiki iliyofuata hakuvuka barabara kuja kunisalimia. Nikiinua kichwa naona miguu yake tu inachungulia chini ya ile saluni, shati la pasi limetundikwa kwenye kioo cha pembeni. Habari nilizipata kwa mlinzi, ambaye tangu mkosi wa lile kava alikuwa ananiletea taarifa bila kuombwa. Akasema Bwana Buti amerudi kaunta ya spea kwa hiari yake. Anachukua filta, breki, plagi na mikanda ya magari ya kawaida, anakuja kuvipimisha kimoja kimoja kwenye Yatima. Vinavyoingia anaviweka upande wake. Vingi viliingia, maana kiwanda kile, pamoja na ugeni wake, vitu vingi kilinunua kwa watengenezaji haohao tuliowazoea. Vilivyogoma alikwenda navyo kwa bosi, akaomba viagizwe, vikae rafuni kabla gari hata moja halijatoka.

"Nikununulie spea za magari ambayo hujayauza?" bosi akamuuliza.

"Mimi mwenyewe nisingelinunua bila hiyo rafu, bosi," akajibu.

Bosi alikuna kidevu, akakubali, ila akamkumbusha kwamba siku ya kuagiza mzigo mpya iko palepale. Kifurushi cha spea kilipofika, shemeji alikipanga rafuni kwa mkono wake. Kesho yake asubuhi akavuka barabara. Alikuwa amevaa shati la pasi, na hakukaa.

"Shemeji, njoo yadi leo," akasema. "Uje kama mtu wa kununua, usije kama ndugu. Ukiona kasoro useme. Nataka uiseme."

"Hiyo ni kazi ninayoiweza," nikamwambia.

Nikabadilisha gauni, nikachukua mkoba wangu mkubwa, nikavuka. Na mwalimu mkuu naye alikuwepo, amerudi, anazungukazunguka kwenye yale magari ya kila mtu yaliyopangwa ukutani. Shemeji akanijia kwa mwendo wake wa kazini. "Karibu, mama. Unatafuta gari la namna gani?" Mimi ninayejua mpaka anavyokoroma, nilijikuta namjibu kwa adabu.

Akanipeleka nyuma, akafungua buti, akanyamaza. Nikaweka mkoba. Halafu nikaanza. Nilisema mlango wa nyuma una kishindo. Nilisema kitufe cha dirisha kiko mbali na mkono. Nilisema kioo cha ndani kinatikisika na kapeti imeachia karibu na kanyagio. Mengine alinieleza kwa nini yako hivyo, mengine akasema ni kweli na hayatabadilika, nikitaka nilichukue gari likiwa hivyo. La kapeti aliinama akalitazama, akaniambia, "Umesema kweli, mama, hili lilinipita. Halitoki hapa mpaka nimelibandika." Akanipeleka ndani akanionyesha rafu, akanishikisha hata taa ya nyuma. Tukaja kwenye bei. Hapo, nisikufiche, nilisahau kabisa kwamba kuna mtu aliyekuwa anasubiri hatima yake. Nilimbana akanibana. Niliondoka mpaka getini nikarudi. Shati lake la pasi lililowa mgongoni. Mlinzi aliliacha geti akasogea kusikiliza, na mwalimu mkuu alikuwa ameacha kabisa kutazama magari, anatutazama sisi.

Kelele zetu zikamtoa bosi ofisini. Akanitazama, akamtazama shemeji. "Huyu mama," akasema, "si ndiye mdogo wa mke wako?"

Nilijua sasa itatoka ile sauti ndogo, ataanza kujieleza, na akishaanza kujieleza amekwisha. Lakini alimtazama bosi usoni.

"Ndiye, bosi," akasema. "Anakula kwangu kila Jumapili, na mdomo wake umeusikia. Likimharibikia sina pa kujificha. Ndiyo maana wa kwanza nimemuuzia yeye."

Bosi akainamisha kichwa, na nikadhani amekasirika, mpaka nilipoona tumbo lake linatikisika kwa kicheko. "Na wewe mama," akaniuliza, "umelipenda au umesukumwa?"

"Nimelipenda," nikasema. "Bei ndiyo bado mbaya."

"Hiyo mmalizane," akasema, akarudi ofisini.

Mwalimu mkuu akakohoa kidogo, akasogea. "Ile ya kijivu," akamuuliza shemeji, "imeshachukuliwa na shemeji yako mwingine, au ipo?"

Ilikuwepo, na alikuja kuichukua na familia yake kabla ya mwezi kwisha. Nyeupe alikuja kuidai mke wa yule mwenye duka la dawa, safari hii akiwa peke yake. Mzigo mpya ulipoagizwa zilikuwamo saluni nyingine za kiwanda kilekile, si nyingi, za kutosha. Barabara yetu bado imejaa gari la kila mtu, wala sidhani kama itabadilika, lakini sasa mtu akiuliza nani mwingine analo, jibu lipo. Yule muuzaji mwingine aliyekuwa ameandaliwa alipewa kaunta ya spea. Ni mtu wa kuongea sana, chumba kile amekigeuza kijiwe, anakipenda.

Na shemeji yuko mbele pale mpaka leo. Mimi gari langu halina tatizo lolote. Linabeba magora, linabeba sponji, mgongo hauniumi. Lakini Jumapili tukishamaliza kula huwa namwambia kwamba nimesikia kitu kinagonga upande wa nyuma. Hapohapo anainuka, maji hata hajamaliza, anatoka. Analizunguka, anafungua na kufunga milango, analala chini na nguo zake za Jumapili akisikiliza, anawaita watoto wake wakae ndani waruke-ruke.

"Leo umesikia nini tena?" dada ananiuliza.

"Sijasikia kitu," namwambia, na tunasogeza viti dirishani wote wawili tumtazame vizuri.

Baada ya muda anaingia, anajipangusa magoti, uso unamng'aa. "Hakuna kitu, shemeji," anasema. "Lakini kesho niletee, nihakikishe."